Bila Geji, Inafunga?

Nilikuwa na miezi minne kwenye karakana ya Mzee nilipoamua kwamba nimeshakuwa fundi bunduki. Mzee mwenyewe alikuwa bado hajaamua. Asubuhi hiyo alikuwa na safari fupi, akaniachia bunduki moja ya bolti, ya risasi za .308 Winchester, pamoja na mtutu wa kuifunga.

"Funga kwa mkono, pima, halafu nisubiri," akasema.

Nikasikia "funga" na nikasikia "pima". La tatu lilinipita.

Kwa asiyejua, bolti ni lile komeo la chuma unalolisukuma mbele, ukalaza mpini, risasi ikafungiwa ndani ya chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Ukibadilisha mtutu kuna nafasi mbili za kuheshimu. Ya kwanza inaanzia kwenye uso wa bolti, pale kitako cha risasi kinapoegemea, hadi kwenye mteremko wa chemba unaoizuia risasi isiende mbele zaidi. Ikiwa fupi, bolti haifungi. Ikiwa ndefu, siku ya kufyatua ganda la risasi linavutika na linaweza kukatika, gesi ya moto ikaanza kutafuta pa kutokea, na uso wako uko jirani. Nafasi hiyo inapimwa kwa geji mbili za chuma zenye umbo la risasi. Mimi naziita Ingia na Usiingie. Bolti ifunge ukiweka Ingia, igome ukiweka Usiingie. Tofauti yao ni inchi 0.004, yaani milimita 0.1 hivi, unene wa karatasi moja.

Nafasi ya pili ni ule upenyo kati ya pua ya bolti na mwisho wa mtutu, ule wa nyuma unaoingia kwenye bunduki. Chuma hizo mbili hazitakiwi kugusana. Wengi huacha inchi 0.005 hadi 0.010, uchafu na joto vipate pa kukaa. Upenyo huo nilikuwa naujua vizuri kabisa. Siku hiyo tu ndiyo sikuukumbuka.

Nikatoa pini ya kufyatulia na springi zake kwenye bolti, ili mkono uhisi chuma na chuma, si springi. (Hapo nilifanya sawa, naomba ihesabiwe.) Nikakaza mtutu hadi mabega yake, pale hesi zinapoishia na unene kuanza, yakagota kwenye bodi ya bunduki. Nikaingiza Ingia, nikasukuma bolti, nikalaza mpini kwa vidole viwili. Mpini ukakataa. Haukushuka hata kidogo.

Nikajisemea, chemba hii haina kina cha kutosha. Nikafungua mtutu, nikatia mafuta rima, kile chuma chenye makali cha kuchimbia chemba, nikachimba milimita 0.05. Nikasafisha, nikarudisha, nikapima. Mpini palepale. Nikachimba 0.05 nyingine. Palepale. Mtu mwenye akili zake angejiuliza: nimeongeza kina mara mbili, mbona mpini hausogei hata unywele? Mimi nilijiuliza kama rima imekuwa butu. Nikaigusa ncha kwa kidole gumba, ikanikata. Kumbe ina makali. Nikachimba 0.05 ya tatu, damu na mafuta vikichanganyika.

Mzee akanikuta nimeushikilia mpini ule kama mtu anayebembeleza ng'ombe asiyetaka kuvuka mto.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Imegoma?"

"Imegoma na Ingia, Mzee. Nimeshaongeza kina, bado."

Akavua kofia, akaitundika, akakaa. Hakuja hata kuiangalia.

"Bila geji, inafunga?"

Nikacheka kidogo, kwa heshima. Bila geji itashindwaje, na hakuna kitu ndani? Nikachomoa Ingia, nikasukuma bolti kwenye chemba tupu, nikalaza mpini huku namtazama yeye.

Mpini haukushuka.

Nikajaribu tena, safari hii bila kumtazama.

"Sasa kijana," Mzee akauliza taratibu, "muda wote huo ulikuwa unachimba nini?"

Akanipa kalamu ya maka. Nikapaka wino pua ya bolti, nikaisukuma, nikaitoa, nikachungulia mwisho wa mtutu: pete ya wino imejichora pale, nzima, safi, kama muhuri wa serikali. Pua ilikuwa inagonga mtutu. Hata ningechimba chemba ikatokea upande wa pili, bolti ile isingefunga.

Nikapeleka mtutu kwenye mashine ya kukereza, nikapunguza mwisho wake milimita 0.25. Bolti ikafunga bila geji, laini kama droo. Ikafunga na Ingia. Nikafurahi, nikaweka Usiingie. Ikafunga pia, tena bila aibu. Zile 0.15 nilizochimba bure zilikuwa zimenisubiri.

Dawa yake ni kukata mabega ya mtutu ili uingie zaidi kwenye bodi. Nikakata 0.15. Chemba ikakaa sawa, ila mtutu ulipoingia ukaifuata pua ya bolti, upenyo ukabanwa. Nikapunguza mwisho wa mtutu tena, 0.15. Umewahi kumwona mtu anayekata miguu ya kiti kinachoyumba, leo huu, kesho ule? Basi.

Lakini jioni ikawa safi. Ingia inaingia, Usiingie haiingii, upenyo upo. Nikampelekea Mzee kwa mikono miwili. Akafunga bolti tupu kwanza, akaniangalia, kisha akaweka bunduki begani na kulenga ukutani. Akakaa hivyo kitambo. Halafu, polepole sana, akaanza kulaza shingo upande wa kushoto.

Mtutu ule ulikuja na nishani yake ya mbele, kile kinundu cha kulengea. Hesi zake ni 16 kwa inchi, maana yake mzunguko mmoja mzima unausogeza milimita 1.59. Mimi nilikuwa nimeuingiza 0.15 zaidi. Piga hesabu: umezunguka nyuzi 34 kati ya 360. Nishani iliyokuwa imesimama wima sasa ilikuwa inachungulia pembeni, kama mtoto anayesikiliza ugomvi wa majirani.

"Mwenye bunduki," Mzee akasema, shingo bado imelala, "ana kichwa kilichonyooka."

Ili nishani irudi juu kwa njia ileile, ilibidi mtutu umalizie mzunguko: milimita 1.44 nyingine kwenye mabega, 1.44 mwisho wa mtutu, na chemba ichimbwe upya kwa kiasi hichohicho. Kwa rima. Kwa mkono. Kidole gumba kimefungwa kitambaa. Kila nilipopima nilianza na bolti tupu, na Mzee, macho ameyafumba kitini, aliitikia "mh" kila aliposikia mpini umelala.

Siku mwenyewe alipokuja kuichukua, akaiinua, akaitikisa mkononi mara mbili.

"Naona imekuwa nyepesi kidogo."

Mzee akapaliwa na kikohozi, akatoka nje.