Usiniulize kilomita, niulize milima

Mdogo wangu, mtoto wa shangazi anayeishi Lubumbashi, alinipigia simu Jumapili jioni kujisifu. "Yaya, leo nimepiga kilomita sitini na kinga, hata jasho halikutoka." (Wasomaji wa mbali mnisamehe, huku kwetu baiskeli ni kinga, na yaya ni kaka mkubwa.) Nikamwacha amalize, kisha nikamwambia aje Bukavu apige kumi tu, tuone.

Mji wao umelala juu ya uwanda, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na barabara inajiendea. Wetu umening'inia juu ya Ziwa Kivu. Toka Muhumba, huko chini karibu na maji, upande mpaka soko la Kadutu, halafu uniambie kama ulikuwa na muda wa kuhesabu kilomita. Mtu wa Bukavu anayepanga safari ya kinga kwa kilomita peke yake anajidanganya.

Nami nimejidanganya sana. Mara ya kwanza nilipopima njia ya Kavumu, kwenye uwanja wetu wa ndege, katika ramani ya mtandaoni, mega zilikuwa zinaniishia, nikagusa nukta sita haraka haraka na programu ikaziunga kwa mstari. Jibu lilinifurahisha: njia fupi, na mwanzo wa mchoro wa mwinuko umenyooka kama rula. Nikamwonyesha mke wangu. Akasogeza simu karibu na macho, akakuza picha kwa vidole viwili, akauliza: "Hii kinga yako inaelea?"

Mstari ulikuwa umetoka Muhumba ukavuka ghuba hadi upande wa Bagira, juu ya maji. Ulinyooka kwa sababu ziwa limenyooka: katika takwimu za mwinuko ambazo programu inazitumia, maji yote ya Kivu yamepewa mwinuko mmoja, mita 1,460 hivi, kutoka ufuko mmoja hadi mwingine. Na mji wetu, ulivyoingiza rasi zake ziwani kama vidole, ukiupima kwa nukta chache lazima utaogelea mahali fulani.

Tangu siku hiyo natumia programu inayofuata barabara yenyewe. Nyingi zinachota njia kutoka OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuirekebisha. Kwa kilomita, zinanitosha. Na hapa niondoe hofu moja ninayoisikia kila mara, kwamba eti ramani ni bapa na mlima unarefusha njia kwa siri. Unairefusha kidogo mno. Njia ya kilomita 10 kwenye ramani, ikipanda kwa asilimia 10 mwanzo hadi mwisho, urefu wake halisi ni kilomita 10 na mita 50. Mita 50! Urefu haujamuua mtu.

Kinachoua ni jumla ya kupanda. Chukua hiyo hiyo njia ya Kavumu. Ziwa liko mita 1,460, uwanja wa ndege uko mita 1,720. Ukitoa unapata 260, unajiambia si kitu. Lakini barabara haipandi mara moja ikatulia. Inapanda, inashuka bondeni, inapanda tena, na kila mteremko uliokupepea usoni utaulipa mbele. Programu inajumlisha kila kipande cha kupanda, na miteremko haikupunguzii kitu.

Namba hiyo naipenda kwa sababu inaingia tumboni moja kwa moja. Mimi, kinga yangu ya chuma na mzigo tunafika kilo 100. Kuinua kilo 100 hadi mita 100 juu kunahitaji kilojuli 98 kwenye pedali, na kwa kuwa misuli inageuza kama robo tu ya chakula kuwa nguvu ya kusukuma (nyingine inapotea kama joto), mwili unachoma karibu kilokalori 100. Mita 100 nyingine, kilokalori 100 nyingine, kabla hujahesabu upepo na matope. Nikishajua jumla ya kupanda, najua mandazi mangapi ya kufunga.

Sasa ubaya wake. Nilipima njia moja kwa programu tatu: kilomita zikakubaliana, jumla za kupanda zikapishana kwa mamia ya mita. Takwimu nyingi za mwinuko zinatokana na chombo cha anga Endeavour, kilichozunguka dunia kwa siku 11 Februari 2000 kikiipima ardhi kwa rada. Zimegawanywa katika miraba ya mita 30 hivi. Barabara zetu ni nyembamba, zimechongwa ubavuni mwa mlima. Kwenye ubavu wenye mwinamo wa asilimia 50, ukikosea mraba mmoja umekosea mita 15. Kwenye kona, mstari unaingia mraba wa juu na kutoka mraba wa chini, na programu inakuandikia vilima ambavyo hakuna aliyewahi kuvipanda. Programu nyingine inalainisha mchoro ili kuondoa makosa hayo, ikafuta na vilima vya kweli. Penye msitu, kama njia ya Tshivanga ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, rada ilianza kugonga miti kabla ya kufika udongo.

Wapo wanaosema basi namba hiyo itupwe. Sikubali. Chagua programu moja, kaa nayo, uujue uongo wake. Yangu inazidisha, na nimeshaizoea kama nilivyozoea bei ya kwanza ya mama wa sokoni. Saa zenye kipima hewa zinafanya vizuri zaidi, mpaka mvua ianze kujikusanya juu ya ziwa: kanieneo ya hewa ikishuka, saa inadhani umepanda, nawe umekaa chini ya mti unakula ndizi.

Mdogo wangu amesema atakuja kiangazi, mwezi wa saba, na kinga yake ndani ya basi. Nimeshamchorea njia ya siku ya kwanza, Muhumba hadi Kadutu, kwa nukta nyingi na bila kukanyaga maji. Nimemtumia kilomita tu. Mchoro wa mwinuko nimebaki nao.