Jengo la Tatu zuri, lakini wasindikizaji wakae wapi?

Mtu wa ughaibuni akirudi Dar likizo siku hizi, picha ya kwanza kuiweka mtandaoni ni ya Terminal 3, lile jengo la tatu la abiria la kiwanja cha ndege cha Julius Nyerere. Dari refu, vioo, sakafu inayong'aa, kisha chini yake maoni ya aina mbili tu. Wa kwanza wanaandika kwamba sasa tumefika, tofauti na Ulaya haionekani. Wa pili kazi yao ni kutafuta kasoro: foleni ya uhamiaji haisogei, wifi haishiki, "kwetu bwana". Mimi naishi London na napita Heathrow, kiwanja kikubwa cha ndege cha huku, kila nikija nyumbani, na naona wote wawili wanagombana juu ya jambo lisilo na uzito sana.

Nianze na hawa wa "kwetu bwana", maana hao ndio wengi huku. Ndugu zangu, Terminal 5 ya Heathrow ilifunguliwa tarehe 27 Machi 2008. Malkia alikuwa ameizindua siku chache kabla, mabilioni ya pauni yameshatumika, na siku ya kwanza tu wafanyakazi walihangaika kupata pa kuegesha magari yao, wengine wakashindwa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta, mizigo ikajaa chini bila kwenda popote. Ndege zikafutwa. Mabegi kwa maelfu yakalala, na mengine yakapakiwa kwenye malori hadi Milan, Italia, yakachambuliwe huko. Kiwanja kipya cha Berlin ndio usiseme. Ujenzi ulianza 2006, ufunguzi ukatangazwa kuwa Juni 2012, ukaahirishwa zikiwa zimebaki wiki chache kwa sababu mfumo wa kuzuia moto na kutoa moshi haukuwa tayari. Kiwanja kikafunguliwa tarehe 31 Oktoba 2020, katikati ya korona, wakati abiria wenyewe hawapo. Wajerumani hao! Kwa hiyo mtu akiniambia ugumu wa kufungua jengo jipya la abiria ni tabia ya Waafrika, huwa namwomba aniambie alikuwa wapi 2008.

Jengo letu la tatu lilizinduliwa na Rais Magufuli tarehe 1 Agosti 2019. Limejengwa na kampuni ya Kiholanzi ya BAM, kwa uwezo wa abiria milioni 6 kwa mwaka. Ndege za kimataifa zikahamia huko, za ndani zikabaki Terminal 2, ile ya mwaka 1984, ambayo haikujengwa kwa umati wa leo.   

Sasa hawa wa "tumefika". Vioo na sakafu hata mimi navipenda, lakini havinionyeshi lolote jipya. Tofauti ya huku na nyumbani mimi naiona mlangoni.

Heathrow, ukumbi wa kukabidhi mizigo uko wazi kwa kila mtu. Hakuna askari wa kukuuliza tiketi unapoingia. Ukaguzi uko mbele zaidi, baada ya kukabidhi begi. Mke, mama, watoto na jirani wa ghorofa ya juu wote wanaweza kusimama na wewe mpaka unapata namba ya kiti. Haya, simama pembeni uone nani anaitumia ruhusa hiyo. Watu wanaibuka kutoka kwenye treni mmojammoja, begi la magurudumu mkononi, masikio yamezibwa na vispika, macho kwenye simu. Wenye kuletwa kwa gari wanashushwa harakaharaka kwa sababu tangu Novemba 2021 gari likisimama mbele ya jengo kushusha mtu linalipishwa. Ilianza pauni 5 na imekuwa ikipanda. Dereva hata mkanda hafungui. Na ukirudi ni vilevile. Wenye pasi za kwetu hatupiti kwenye yale mageti ya kusoma uso, hayo ni ya Waingereza, watu wa Ulaya, Wamarekani na mataifa mengine machache, kwa hiyo unapanga foleni, unajibu maswali, unachukua begi, unashuka chini kwenye treni. Unaweza kufika kwako bila mtu yeyote kukutamkia jina.

Nyumbani safari ya mmoja ni safari ya ukoo, na mlango umefungwa. Viwanja vyetu vingi Afrika Mashariki vinakagua watu palepale kwenye kuingilia, na asiye na tiketi anaishia hapo. Kwa hiyo kuagana kote kunafanyika barabarani, kati ya teksi na matoroli.

Niliwahi kusimama karibu na familia moja wakati wa kuondoka. Kijana alikuwa anakwenda kusoma Uturuki, na Hiace nzima imekuja. Mzee mmoja aliomba dua wote mikono juu, huku mlinzi anapuliza filimbi magari yasogee. Kijana akaingia. Mama mtu akabaki ameegemea kioo, anajikinga mwanga kwa kiganja ili aone ndani, lakini kioo kile kilikuwa kinamwonyesha sura yake mwenyewe tu. Haikupita muda simu ikalia. Begi limezidi kilo sita. Kijana akarudi mlangoni, akazuiwa kutoka, na mama akazuiwa kuingia, ikabidi begi lifunguliwe chini, nusu lipo ndani na nusu nje, kila abiria anayepita anaruka vitu vya watu. Mjomba akashauri unga utolewe. Mama akakataa kata kata. "Toa viatu. Viatu atanunua, huu unga huko ataupata wapi?" Vikatoka viatu, likatoka koti zito ambalo nadhani ndilo angelihitaji kuliko vyote, na dada mtu akapokea kila kitu kwa kupitisha mkono juu ya kizuizi. Askari, namshukuru, alijifanya anatazama upande mwingine.

Kwenye mchoro wa mhandisi watu wale hawamo. Mchoro una abiria: anaingia, anakaguliwa, anapima, anapanda. Abiria milioni 6. Waliokuja nao hawahesabiwi, wakati kwa macho tu mtu anaona kwamba nje ya mlango wa kutokea, usiku ndege kubwa zinapofuatana, wanaosubiri ni wengi kuliko wanaotoka. Kuna bibi ameketi juu ya mtungi wa maua, kuna mtoto amelala begani, kuna mwenye karatasi yenye jina la mtalii. Tukachukua ramani ya jamii ambayo watu wake husafiri peke yao, tukaijenga vizuri sana, kwa watu wasiosafiri peke yao.

Najua jibu litakalokuja, usalama. Silipuuzi. Nchi zetu zimelipuliwa, na walioamua kuweka mashine mlangoni hawakuota tu. Ila hata huku hoja hiyo imeshajaribiwa. Tarehe 22 Machi 2016 mabomu yalilipuka kwenye ukumbi wa kuondokea wa kiwanja cha Brussels. Kiwanja kilipofunguliwa tena, ukaguzi uliwekwa nje kabla ya kuingia ukumbini, foleni ikawa ndefu kupita kiasi, na baadaye ukaondolewa. Wengi waliopinga ukaguzi wa namna hiyo walikuwa na hoja nyepesi kuielewa: ukiwazuia watu mlangoni, umati haupungui, umeuhamishia nje tu. Sisi umati huo tunao kila usiku.

Na kabla hamjaniandama, sijasema kila Hiace iingie hadi kwenye madirisha ya tiketi. Zamani wakubwa wetu walikuwa na namna yao. Muulize mzee yeyote wa Nairobi habari za Embakasi, kiwanja kilichofunguliwa 1958, atakusimulia lile baraza la juu ambako watu walisimama kupungia ndege mikono mpaka inapotea. Kiwanja cha Haneda, Tokyo, bado kuna mabaraza ya juu, mtu asiye na tiketi anapanda anatazama ndege za nduguze zikiruka. Zurich hivyohivyo, kwa kiingilio. Kwa hiyo jambo lenyewe linawezekana, tena katika nchi zenye askari wakali kuliko wetu.

Liko suala jingine la foleni ambalo wengi mtataka niliguse. Mtanzania aliyechukua uraia wa Uingereza anapoteza wa kwake, kwa hiyo kwa miaka mingi mzaliwa wa Temeke akitua amekuwa akipanga mstari wa wageni na kulipia viza, sawa na anayekwenda Serengeti. Mkenya mwenzake, tangu Katiba ya 2010, anaruhusiwa kushika pasi zote mbili. Inauma, lakini hilo ni la Bunge, jengo halina kosa.

Ninachoomba mimi ni cha bei ndogo. Mabenchi ya kutosha nje, siyo matatu, chini ya paa. Ubao wa ndege zinazotua unaosomeka na aliye nje, kwa Kiswahili, ili bibi asilazimike kumuuliza kila mvaa sare kama ndege ya Doha imefika. Tiketi ya msindikizaji, hata kwa shilingi chache, mtu akaguliwe kama abiria na aingie mpaka ukumbi wa mizigo. Yule mama angesimama na mwanawe pale kwenye kipimo na koti lisingebaki. Na kama tiketi hiyo itahitaji vikao na kanuni na miaka, basi wekeni mizani mbili tatu za kupimia mabegi nje ya mlango, bure, ubishi wa viatu na unga umalizike kabla mtoto hajaingia. Hizo hazihitaji mkandarasi kutoka Uholanzi.