Nimeitiwa Kikao kwa Sababu ya Bundi

Leo nimeketishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya ploti, mimi mtu mzima mwenye watoto. Wapangaji wenzangu wamenizunguka, kila mmoja mita 1.5 kutoka kwa mwenzake jinsi Serikali ilivyoamuru mwaka huu wa 2020 kwa sababu ya korona, barakoa wamezishusha kidevuni ili maneno yatoke vizuri. Ajenda ni moja: je, Baba Brayo, yaani mimi, anakimbia usiku?

Huku Nyalenda, mtaani Kisumu, hilo si swali la mzaha. Ukishaitwa jajuok, yaani mchawi wa kukimbia usiku, hata mtoto wako akitumwa chumvi kwa jirani, anaambiwa imeisha.

Nisikilizeni kwanza. Baa niliyokuwa nikihudumu ilifungwa Machi. Mpira wa Uingereza ukasimama mwezi huohuo, na wa kubeti wakabaki na ligi ya Belarus, ambako simjui hata kipa mmoja. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani wanakula mpaka sufuria inaomba msamaha. Ikifika saa moja usiku, kafyu. Sasa mwanamume aangalie nini? Ukuta? Nimeuangalia ukuta. Nimeumaliza.

Ndipo rafiki yangu wa Dunga, kule ufukweni mwa Ziwa Victoria, aliyekuwa akiwazungusha watalii kwa boti kabla watalii hawajakatika, akaniazima darubini. Jicho moja linafanya kazi, la pili linaonyesha ukungu tu. Akanionyesha ndege, akaniambia, "Omera, hawa wa juu hawajafungiwa."

Na kweli hawajafungiwa. Kwarara anapiga yowe alfajiri juu ya bati la kila mtu, hana kibali. Marabu wako mitini na upara wao na ile heshima ya mzee wa kanisa, mabawa yakinyooshwa yanapita mita 2, lakini jua likichoma wanajinyea miguuni makusudi ili wapoe. Mnana dume anasuka nyumba, jike anakuja kukagua, akiikataa jamaa anaibomoa na kuanza upya. Huyo nilimwonea uchungu nikaacha kumtazama.

Lakini niliwapenda, haki ya Mungu. Dunga kwenyewe ziwa limepanda mwaka huu, maji yameingia mpaka kwenye vibanda vya samaki. Nilisimama pale vifundo vikiwa majini nikimsubiri ndege mmoja ambaye makao yake ni kwenye mafunjo tu: mgongo mweusi, kifua chekundu cha kuwaka, utosi wa manjano. Unamsikia kabla hujamwona. Dume anaanza, jike anamalizia, haraka mpaka unadhani anayeimba ni mmoja. Ni mimi na Mama Brayo kabisa, ila wao wanakubaliana. Alipochomoza kichwa nilisahau kodi. Nilisahau kodi, Mei ya 2020!

Turudi kwenye ndoo.

Nyuma ya ploti, kwenye mti ulio kando ya mtaro, ndege aitwaye fundichuma amejenga jumba la vijiti maelfu na maelfu, lina paa, lina mlango, na linaweza kubeba mtu mzima akisimama juu yake. Ndege huyo akimaliza nyumba moja anaanza nyingine. Hilo jumba la kwanza limeingiwa na bundi, yule mweupe usoni. Hakulipa kodi ya kutangulia, hakuulizwa anafanya kazi wapi. Nilitaka kumwona vizuri. Kumwona ni lazima utoke kabla hakujapambazuka. Asishtuke, ni lazima uvue ndala. Achomoze uso, ni lazima umwigize, na bundi huyu halii kwa upole, anapiga ukemi wa kupasua ngoma ya sikio.

Sasa msikieni Jaduong', mzee wetu wa chumba cha nne, anavyolieleza jambo lilelile. Alifungua kikao kwa maombi, akakohoa, watu wakarudi nyuma hatua mbili, akasema: "Saa kumi alfajiri natoka kwenda msalani. Naona mtu. Yuko kwa kaptula. Yuko miguu peku. Anautazama mti. Halafu anapiga kelele za bundi."

Kimya. Hata mimi nilijiogopa.

"Jaduong'," nikasema, "nilikuwa naangalia ndege."

Mwenye ploti akadakia. "Baba Brayo, ni kweli unaenda Dunga kila mara?"

"Ni kweli, Mama."

"Na unarudi na samaki?"

"Hapana, Mama."

"Hata omena?"

Watu wakaguna. Kwenda Dunga na kurudi bila hata omena! Ushahidi ukawa umekamilika. Mama Brayo, mke wangu wa kanisani, akaangalia kando.

"Basi huko unafuata nini?"

"Ndege."

"Wa kupika?"

"Wa kuangalia, Mama."

"Ukishawaangalia?"

Hapo ndipo nilipokosa jibu. Ukishawaangalia unarudi nyumbani! Kwani wanaoangalia mpira huwa wanarudi na nini? Wamewahi kurudi na goli mfukoni?

Kijana mmoja wa boda akajaribu kunitetea kwa kusema kosa langu ni la kafyu tu. Hapo wakaanza kubishana kama kafyu inaanzia mlangoni au getini, maana kama ni mlangoni, basi Jaduong' na msala wake naye ana kesi. Jaduong' akavaa barakoa yake vizuri kwa mara ya kwanza tangu Aprili.

Nilidhani nimepona. Mama Akinyi akasimama. Eti kwa kuwa Baba Brayo anajuana na ndege, na mwewe alichukua kifaranga chake juzi, nani atamlipa? Na hataki bei ya kifaranga, anataka bei ya kuku, kwa sababu kingekua. Na mayai ambayo angetaga. Mwenye ploti akatoa kalamu. Nilimwona kwa macho yangu akiandika kwenye daftari la kodi, upande wa jina langu!

"Huyo mwewe nimemzaa mimi?" nikauliza. Sauti ilitoka nyembamba.

"Hilo ni la kikao kijacho," Jaduong' akasema, akahamia kwenye sabuni ya kunawia mikono, ile tunayoifunga kwa kamba kwenye kibuyu mchirizi pale getini, ambayo inapotea kila kukicha. Kila mtu akamtazama mwenzake. Mimi, kwa kutaka tu tumalize nikale, nikasema sabuni inaibwa na kunguru, wanaipenda, wanaruka nayo.

Wote wakanigeukia, polepole.

"Kumbe na kunguru unawajua."