Kombe la 2025 halikujibu swali gumu kuhusu Jasikevičius

Tarehe 25 Mei 2025, mjini Abu Dhabi, Fenerbahçe iliifunga Monaco 81–70 na kutwaa ubingwa wa EuroLeague, mashindano makuu ya klabu za mpira wa kikapu barani Ulaya, na kwa wapenzi wengi wa mchezo huo mjadala kuhusu ukocha wa Šarūnas Jasikevičius, kocha wa Fenerbahçe, ukaishia hapo. Naona uliishia mapema mno.

Wanaomsifu husema mchezaji wa kiwango chake alikuwa lazima afaulu. Hoja hiyo ina uzito wake, maana huyu mzaliwa wa Kaunas, Lithuania, ndiye mchezaji wa kwanza aliyetwaa EuroLeague na klabu tatu: Barcelona mwaka 2003, Maccabi Tel Aviv mwaka 2004 na 2005, kisha Panathinaikos mwaka 2009. Lakini alichezaje? Hakuwa na kasi wala mruko wa kutisha. Alikuwa na jicho la pasi na ujasiri wa kuvunja mpango pale mpango ulipokwama. Katika nusu fainali ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 alikosa mtupo wa mwisho, Lithuania ikafungwa na Marekani kwa pointi mbili tu. Miaka minne baadaye, mjini Athens, aliwafunga Wamarekani haohao pointi 28 na Lithuania ikashinda.

Kocha Jasikevičius ni karibu kinyume cha mchezaji huyo. Timu zake huanza na ulinzi, hushambulia kwa mipango iliyokaririwa, na anayekosea nafasi yake hupokea karipio mbele ya ukumbi mzima. Sina hakika kwamba Jasikevičius kijana angemvumilia kocha wa namna hiyo, ingawa ni kweli kwamba alipitia mikononi mwa Svetislav Pešić na Željko Obradović, ambao nao hawakujulikana kwa upole.

Wakosoaji huelekeza kidole Barcelona. Kati ya 2020 na 2023 alikuwa na kikosi cha gharama kubwa, akaongoza msimamo wa EuroLeague misimu miwili mfululizo na kufika hatua ya timu nne za mwisho mara tatu, asipate kombe hilo hata mara moja: alifungwa na Anadolu Efes katika fainali ya 2021, kisha na Real Madrid katika nusu fainali mbili zilizofuata. Wanadai kwamba nidhamu inayoshinda michezo ya Novemba huwa pingu mwezi Mei, wapinzani wakishaisoma mipango yote. Sioni njia rahisi ya kuikataa hoja hii, hata nikikumbuka kwamba alitwaa ligi ya Hispania mara mbili. Hata hivyo, 2021 walipungukiwa pointi tano na 2022 tatu, na tofauti ndogo kiasi hicho haitoshi kumhukumu kocha. Kipigo cha 2023, cha pointi 12, tena mjini kwao Kaunas, ndicho kigumu kukitetea.

Fenerbahçe ilijibu sehemu ya lawama hiyo. Katika nusu fainali ya 2025 iliitoa Panathinaikos ya Ergin Ataman, kocha yuleyule aliyemnyima kombe mwaka 2021 akiwa na Efes. Lakini Fenerbahçe ni klabu tajiri iliyokuwa na Nigel Hayes-Davis katika kilele cha uwezo wake, kwa hiyo ushindi huo umeonyesha kwamba anaweza kumalizia kazi akipewa zana.

Swali gumu ni kama anaweza kuifanya timu iwe kubwa kuliko wachezaji wake, nalo lilijibiwa mwaka 2018. Žalgiris, klabu ya Kaunas aliyokuwa akiifundisha wakati huo na isiyo na fedha za kushindana na vigogo, iliitoa Olympiacos kwa michezo mitatu kwa mmoja, ikafungwa na Fenerbahçe ya Obradović katika nusu fainali, kisha ikaishinda CSKA Moscow na kushika nafasi ya tatu. Kevin Pangos, aliyeiongoza timu hiyo uwanjani, alisajiliwa na Barcelona majira hayohayo ya joto.