Nilitangaza muvi ya Liverpool, Mungu anisamehe

Kabla ya yote naomba ieleweke sikuwa na nia mbaya, nia yangu ilikuwa jero jero (mia tano mia tano) za watu tu.

Nilikuwa nimenunua projekta ya mtumba Kariakoo, ina mstari wa kijani pembeni ambao muuzaji aliniambia utaondoka wenyewe (upo mpaka leo), nikatundika shuka jeupe la mama kwenye ukuta wa uani pale kwetu Mbagala, nikaazima viti vya plastiki vya msiba, basi kila jumamosi usiku napiga muvi na kutafsiri mwenyewe kwa maiki. Yani Lufufu, yule mtafsiri muvi maarufu, ila wa uani. Mliokulia vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, mnajua, muvi bila mtafsiri ni picha tu zinapita. Na siri ya ile kazi ni moja, usinyamaze. Hujaelewa? Sema kitu. Mtu akipigana wewe piga kelele, mtu akilia wewe mlilie na mama yake, hakuna aliyelipa jero aje kusikiliza usahihi.

Sasa ile wiki binamu yangu akanipa flashi ina muvi kumi na kitu, napitia majina nikakuta moja ina jina refuuu afu mwisho limeandikwa Liverpool. Nikaona hela hiyo. Mtaa wetu nusu ni Liverpool na nusu iliyobaki kazi yao kuwazomea Liverpool, na wote wanalipa. Sikuifungua hata dakika moja. Nikachana boksi nikaandika kwa maka peni LEO USIKU MUVI YA LIVERPOOL KIINGILIO 500, nikabandika kwenye nguzo.

Aisee walijaa. Vijana na jezi nyekundu za Salah, mjumbe na mkewe na watoto, shangazi na kanga mbili kwa ajili ya mbu, na mama mwenye genge akaja na yule kijana wa bodaboda. Hapa lazima niwaeleze. Mama mwenye genge ni mjane wa kama 55 hivi, kijana wa boda sidhani hata kama 30 imefika, na mtaa mzima unajua ile pikipiki inalala kwake na hailali peke yake, ila hakuna wa kusema mbele yake sababu ndo anayetukopesha nyanya.

Nikawasha. Akatokea mama mtu mzima wa kizungu anajiremba kwenye kioo, mara kaanguka, mara yuko kitandani kwenye nyumba ya watu, hoi, na kijana mmoja anamhudumia kwa upole kweli. Mimi na maiki: "Tuko Liverpool! Mama anaumwa! Mwanae wa pekee anamuuguza, na hela ya hospitali hakuna!"

We ungesema nini? Hicho Kiingereza chao sikuwa nakipata, Kiingereza cha Liverpool ninachokijua mimi ni cha Klopp aliyekuwa kocha wao, na yule ni Mjerumani. Kulikuwa na mama mwingine mule ndani ambaye kijana ndo alikuwa anamwita mama, nikamalizana naye haraka, nikasema huyu ni mama mdogo.

Wa jezi wakaanza, "mpira uko wapi?" Nikawaambia tulieni, dogo yuko kwenye majaribio, akisajiliwa tu mama anapelekwa India. Shangazi akasema jamani, mtoto ana adabu huyo. Mjumbe akawageukia wanae, "mnaona?"

Kumbe muvi ikarudi nyuma miaka na mimi sijui kama imerudi nyuma. Mama ghafla mzima, kapendeza, anamkaribisha yule kijana chumbani kwake, disko limefunguliwa, wanakata viuno wote wawili. Nikapaza sauti, "Mama kapona! Dua zimejibiwa! Anacheza na mwanae kwa furaha!" Watu wakapiga makofi. Mjumbe alipiga makofi. Mjumbe!

Afu wakabusiana.

Na siyo busu la shavuni. Mdomo wangu ulikuwa unaenda wenyewe, nikasikia sauti yangu kwenye spika inasema "mama anambusu mwan..." nikakata. Kimya. Mbu tu. Shangazi akasema astaghfirullah, taratiiibu, kama mtu anayetua ndoo. Mke wa mjumbe akamziba mtoto macho kwa kandambili. Na mimi badala ya kuzima mashine nikakumbuka sheria ya kazi, usinyamaze, nikasema: "Samahani watazamaji, kuna marekebisho, huyu siyo mama yake. Ni mama mkwe wake."

Sijui niliitoa wapi. Mama mkwe! Mtu unayempisha njia, unamsalimia umeangalia chini! Kuna mzee alisimama akaondoka na kiti cha msiba, mpaka leo hakijarudi. Wa jezi wanadai jero zao, rimoti ya projekta haina betri, na kwenye shuka mambo yanazidi kunoga, nikaruka nikasimama mbele ya shuka kuziba, basi picha yote ikahamia kwenye fulana yangu. Wale watu wakawa wanabusiana kwenye tumbo langu.

Aliyeniokoa, au sijui ndo aliyenimaliza, ni mama mwenye genge. Alisimama akafunga kanga vizuri.

"We mtoto. Mwanaume akiwa mdogo kwa mwanamke ndo lazima awe mwanae? Hukuwaza kingine?"

Hakuna aliyekohoa. Kijana wa boda alikuwa anakagua funguo za pikipiki kama ndo anaziona leo.

"Haya, tafuta hao ni kina nani. Tafsiri ukweli."

Nikachomoa flashi, nikatoa simu, nikaingia intaneti nikaanza kuwasomea kwa maiki, hadharani. Na mwanzoni ilienda vizuri tu. Kumbe ni kisa cha kweli, huyo mama ni Gloria Grahame, mwigizaji wa Hollywood, kazaliwa Los Angeles mwaka 1923, na alichukua Oscar kwa muvi ya mwaka 1952 ambayo humo ndani kaonekana dakika tisa na kidogo tu. Wa jezi wakafufuka. "Kaingia sub kafunga!" Wakaanza kumheshimu hapohapo. Baadae kazi zikapungua akawa anaigiza jukwaani Uingereza, na mwishoni mwa miaka ya 70 yuko London kapanga nyumba moja na Peter Turner, kijana wa Liverpool anayehangaika na uigizaji, kazaliwa 1952. Mjumbe akapiga hesabu kwa sauti, "29 hiyo, au inakaribia." Mama mwenye genge akamwangalia. Mjumbe akasema siyo nyingi.

Nikaendelea, Peter mwenyewe ndo aliandika kitabu mwaka 1986, muvi ikatoka 2017, tunayemwona pale ni Annette Bening na dogo ni Jamie Bell. Na yule niliyemwita mama mdogo ni mama mzazi wa Peter, alimpokea mpenzi wa mwanae akamuuguza nyumbani kwake bila kinyongo. Nikaomba radhi kwa maiki. Mama mwenye genge akakaa, kaegemea kiti kama aliyeshinda kesi ya kiwanja.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye heshima zake leo. Ila kidole kikateleza chini kidogo, ikaja habari ya ndoa, nikasoma tu kama wanavyosoma matangazo ya vifo redioni, kaolewa mara nne, mume wa pili dairekta Nicholas Ray, wakaachana 1952, mume wa nne mwaka 1960 Anthony Ray... nikaona kilichoandikwa mbele, nikajidai kukohoa, mke wa mjumbe keshadaka.

"Ray na Ray ni ndugu?"

Ni mtoto wake. Mume wa nne ni mtoto wa mume wa pili, aliyezaa na mke mwingine. Mtoto wa kambo.

"SI ALISEMA MWANZONI NI MWANAE!" akapiga kelele mmoja wa jezi, na uani ukalipuka, watu wanagaragara, kumbe nilitafsiri sawasawa ila nilikosea mwanaume.

Shangazi hakuwa anacheka, shangazi alikuwa anataka mpangilio. Akauliza kazaa nao? Nikasoma, kwa Nicholas alizaa mtoto anaitwa Timothy, kwa Anthony akazaa wavulana wawili. Shangazi akafumba macho. "Huyo Timothy kwa mama yao ni kaka yao. Kwa baba yao ni mdogo wake baba, kwahiyo ni baba yao mdogo. Sasa wakiamka asubuhi, wanampa shikamoo au hawampi?"

Nawaambia ukweli, dakika ishirini muvi imesimama. Mjumbe kachukua kijiti anachora ukoo wa Hollywood kwenye mchanga, wengine wanasema udugu wa mama ndo wenye nguvu, wengine wanasema baba ni baba hata awe na miaka 12. Ikaamuliwa asubuhi wampe shikamoo, wakishakunywa chai ni kaka yao.

Tukarudi kwenye muvi, na hapo hakuna tena aliyedai mpira. Nilitafsiri kidogokidogo, nisipoelewa nanyamaza, mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi. Kumbe ilikuwa kansa na alikuwa anamficha Peter. 1981 akaangukia Lancaster kwenye maandalizi ya tamthilia, hospitali hataki, anataka tu kupelekwa nyumbani kwa kina Peter. Shangazi alikuwa keshalowanisha kanga ya pili. Mtoto wa yule mama akaja kumchukua, anatolewa nje, na LUKU ikakata.

Giza. "Malizia!" Nikawamalizia kwa mdomo bila maiki, alirudishwa New York, akafa saa chache tu baada ya kufikishwa hospitali, tarehe 5 Oktoba 1981, ana miaka 57. Nikasikia mtu anapenga kamasi upande wa kijana wa boda, ila sitaki kumsingizia, kulikuwa giza.

Wa jezi saba niliwarudishia jero zao. Watoto wa mtaa wananiita Mama Mkwe mpaka leo, hata mama yangu mzazi ilishamtoka mara moja. Jumatatu nikajikaza nikaenda genge kukopa nyanya, nikamkuta kijana wa boda kakaa pembeni anamenya vitunguu swaumu, haniangalii. Mama mwenye genge akaniambia karibu mwanangu, afu akasita, akamtazama yule, akanitazama mimi.

"Mwanangu ni wewe," akasema. "Huyu siyo. Umeelewa au nikutafsirie?"