Ile bendera ya Kusini: ya mababu au ya utumwa?

Kila ikizungumziwa ile bendera nyekundu yenye msalaba wa bluu na nyota 13 kule kusini mwa Marekani, wanaoitetea wanasema ni urithi wetu, sio chuki. Siwezi kuwapuuza tu hivi hivi, maana askari wengi waliokufa chini yake kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861 hadi 1865, majimbo ya kusini yalipojitenga na Marekani, walikuwa wakulima wa kawaida, hawakuwa na mtumwa hata mmoja, na mtu kuiweka kwenye kaburi la babu yake mimi simlaumu. Halafu wanauliza, mbona hata bendera ya Marekani yenyewe ilipepea juu ya utumwa miaka zaidi ya 80? Swali la haki kabisa, na wengi wanalikwepa.

Ila mababu wenyewe hawakuficha kitu. Jimbo la Mississippi lilipojitenga 1861 liliandika kwenye tamko lake kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa. Marekani iliulea utumwa, dhambi kubwa, lakini hawa walivunja nchi ili kuulinda.

Mimi kinachoniuma zaidi ni tarehe. Vita iliisha 1865, Georgia ikaja kuiingiza kwenye bendera ya jimbo 1956, miaka 2 tu baada ya Mahakama ya Juu kukataza kutenga shule za weusi na weupe, na South Carolina wakaipandisha juu ya jengo la bunge mwanzoni mwa miaka ya 60, wenyewe wanasema ni kuadhimisha miaka 100 ya vita, sawa, lakini ndo wakati huohuo weusi wanadai haki zao mtaani. Hapo ujumbe ulikuwa wa walio hai jamani.

2015 weusi 9 wakauawa kanisani Charleston, huko huko South Carolina, na kijana mzungu aliyejipiga picha na bendera hiyo. Bendera zingine pale bungeni zikashushwa nusu mlingoti, hii ya msalaba, ambayo wakati huo ilishahamishiwa uwanjani mwa bunge, ikabaki juu kabisa kwa sababu sheria ilikuwa inailinda, mpaka bunge lilipopiga kura ikaondolewa mwezi wa 7.

Na angalia Georgia, tangu 2003 wanatumia bendera inayofanana sana na bendera ya kwanza ya serikali ya hao hao waliojitenga, 2004 wananchi wakaipigia kura ikapita kwa zaidi ya asilimia 70, na kelele zake ni ndogo mno, maana hiyo haina ule msalaba, sio ile watu waliyotishiwa nayo mlangoni kwao.