Roskilde ni Mwaka Kogwa wa Wadenishi

Kila ukikaribia msimu wa joto, wadogo zangu waliohamia Copenhagen juzijuzi huniuliza swali moja: dada, mwaka huu twende tamasha gani? Wanakuja na orodha ya wasanii kwenye simu, majina wanayoyapenda wameshayawekea alama. Mimi huwaambia hiyo orodha waiweke kando kwanza. Huku tamasha halichaguliwi kwa kuangalia nani anaimba, na anayelichagua hivyo atatoa pesa nyingi kisha arudi ananung'unika.

Tuchukue Roskilde, tamasha kubwa la muziki la hapa Denmark, maana ndilo wanalolitaka wote. Lilianza 1971, ni safari ya kama nusu saa kwa treni kutoka Copenhagen, na kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai linakusanya watu wapatao 130,000 ukihesabu na wanaojitolea. Tiketi ya siku zote inapita krona 2,000, yaani laki saba na ushee za Kitanzania. Sasa angalia watu wanavyolitumia. Ni siku nane, na siku za mwanzo majukwaa makubwa bado hayajafunguliwa, kuna bendi changa tu kwenye vijukwaa vidogo. Wengi wanakuja kwa ajili ya siku hizohizo! Wanapanga foleni kabla geti la kambi halijafunguliwa, likifunguliwa wanatimua mbio na mahema mgongoni kugombania kipande cha majani, wakishakipata wanakaa hapo na makopo ya bia, wanaimba ovyo na kukumbatiana na wasiowajua.

Na hawa ni watu walewale ambao mwaka mzima ukikaa karibu nao kwenye basi wanaweka begi katikati. Jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye salamu yake ni kuangalia viatu vyake, siku moja nilimtajia Roskilde kwenye ngazi. Alinisimulia habari za kambi yao mpaka nikaanza kusikia harufu ya wali wangu unaungua.

Mtu wa Unguja hahitaji kwenda mbali kulielewa jambo hili. Nenda Makunduchi mwezi wa saba, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya wa jadi. Wanaume wanachapana kwa migomba, mwenye kinyongo cha mwaka mzima anakitua pale, kibanda kinatiwa moto, wanawake wanaimba maneno ambayo siku nyingine yangefika kwa sheha, kisha watu wanakula na mgeni anakaribishwa. Muziki upo, tena mwingi. Lakini sijapata kumsikia Mmakunduchi akiuliza mwaka huu anaimba nani. Roskilde ndiyo hiyo: ni siku za ruhusa. Ila Makunduchi ruhusa unaipata bure, huku unauziwa na kufungwa utepe mkononi.

Kwa hiyo mimi huwauliza: mnataka ruhusa, au mnataka muziki? Anayetaka ruhusa aende Roskilde, na aende kwa kujitolea. Wanaojitolea pale ni kama 30,000. Unapangiwa zamu, getini, kwenye usafi au kwenye kibanda cha chakula, na kiingilio hulipi. Tamasha lenyewe haliendeshwi kwa faida ya mtu, ziada inagawiwa kwenye kazi za jamii na utamaduni, hivyo usijione unamtumikia tajiri. Kwa mhamiaji naona hakuna njia bora zaidi. Nawajua watu walioshindwa kupata rafiki Mdenishi kazini miaka nenda miaka rudi, wakampata kwenye zamu ya usiku, mikono yote minne ndani ya beseni la vyombo.

Lipo jambo moja ambalo nikilisema mezani kwa Wadenishi mazungumzo hupoa. Kopo tupu hapa lina amana, yaani pesa unayopewa ukilirudisha, krona moja kwa kopo la kawaida, na baadhi ya chupa za plastiki hufika krona tatu. Basi katikati ya mahema wanapita watu na magunia makubwa, wanaokota. Wengi ni Waafrika wa Magharibi, wengine ni wa kabila la Waroma (si watu wa mji wa Roma) kutoka Ulaya Mashariki, na wapo walionunua tiketi kama wewe ili waingie kuokota. Vijana wengine wanawakabidhi makopo kwa adabu, wengine wanayarusha chini wakiwa wanacheka. Ile ruhusa niliyoisema haiwahusu hawa. Na ukiwa mweusi jitayarishe, maana mlevi hatofautishi. Mimi nimekabidhiwa kopo nikiwa nimevaa fulana ya wanaojitolea. Nikalipokea, krona ni krona, lakini siku ile sikucheza tena.

Anayetaka muziki ana mengine. Mwezi wa saba kuna Copenhagen Jazz Festival, lipo tangu 1979. Kwa siku kumi muziki unapigwa kwenye viwanja, bustani na mikahawa ya mji mzima, maonyesho yanapita 1,000 na mengi ni bure. Unabeba watoto, unabeba sambusa zako, ukichoka unaondoka. Nalipenda kwa sababu ya kizee kabisa: nalala kitandani kwangu. Wapenzi wa muziki wa kiasili wasogee Tønder, karibu na mpaka wa Ujerumani, mwezi wa nane.

Nyumbani mimi huchagua kinyume. Unguja muziki unakufuata wenyewe, harusini, kwenye maspika ya jirani, usitake usitake. Kilicho adimu ni bendi kamili inayopiga ala zake jukwaani, maana tumezoea msanii anayefungua mdomo juu ya CD. Tamasha la Sauti za Busara, tangu 2004, linasisitiza muziki upigwe pale pale mbele yako, kila Februari, ndani ya Ngome Kongwe. Pale ndipo orodha ya majina ina maana. Na kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni. Hata hivyo mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha, maana miaka mingine sisi hukaa Forodhani, nje ya Ngome, na mishkaki yetu, tunasikiliza bure kupitia ukutani.

Wa nyumbani nawaelewa, maisha ni magumu. Ugomvi wangu ni na sisi wa huku. Mtu analipa krona 2,000 miezi kadhaa kabla, halalamiki, analala kwenye matope. Akitua Unguja anataka apitishwe mlango wa nyuma kwa sababu shemeji yake anamjua mlinzi.

Wadogo zangu mwaka huu wameamua Roskilde. Sawa, wabebe mabuti ya mvua. Na wakitaka kukaa mbele ya jukwaa kubwa la Orange wapange foleni ya ndani ya vizuizi kama wengine, wasipenye. Mwaka 2000 watu tisa walikufa pale kwa msongamano, ndiyo maana kuna zile kamba na wale walinzi.

Mimi nakusanya nauli ya Februari. Atakayenikuta Ngome Kongwe na kuniomba nimpitishe, nitamwonyesha dirisha la tiketi lilipo.